Nimeolewa, nina mtoto, na bado namuuliza mama kila kitu

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina kazi yangu na mtoto wa miezi minne. Shida yangu utacheka. Siwezi kufanya jambo lolote bila kumpigia mama. Shati la mume limeingia doa la damu, nampigia mama. Mtoto kachemka kidogo, mama. Bosi kaniandikia imeili ya ukali, naipiga picha namtumia mama aniambie nijibu nini. Tukaanza kuongea habari za kuhama nyumba, mama kajua kabla mume wangu hajamaliza kuniambia anawaza nini. Juzi mume kauliza hivi yeye kaoa mtu mmoja au wawili, aliongea kama utani ila uso haukuwa wa utani. Mama mwenyewe hajawahi kulalamika, tena nikikaa kimya yeye ndo anapiga kuuliza kulikoni. Je mimi bado mtoto? Na nitaachaje bila kumuumiza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Sijacheka, na hao wenzako unaodhani wanajiamulia kila kitu, wengine wanawapigia mama zao wakiwa wamejifungia chooni, kwa hiyo hilo la kujiona wewe peke yako liondoe kwanza.

Umeanza kwa kuniambia umeolewa, una kazi, una mtoto, yaani kama vile unanionyesha vyeti. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Jeffrey Arnett, huyu kafanya kazi kubwa kuhusu miaka ile ya 18 mpaka 25, na alipowauliza vijana ni kitu gani kinamfanya mtu ajione mkubwa, majibu yaliyokuja juu hayakuwa ndoa wala mtoto. Walisema kuwajibika kwa unachokifanya, kujiamulia mwenyewe, na kujitegemea kwa pesa. Sasa angalia hapo, hakuna anayesema mtu mkubwa haulizi. Kuuliza na kujiamulia vinakaa pamoja vizuri tu, shida inakuja pale ambapo hujaamua kitu, unasubiri mama akate shauri halafu wewe ukatekeleze.

Na kumrudia mzazi ukiwa na wasiwasi sio ugonjwa. John Bowlby, yule daktari wa akili wa Uingereza aliyetuletea habari za mtoto kushikamana na mlezi wake, alikuwa anasema mtu anathubutu kwenda mbali akijua kuna sehemu salama ya kurudi, na hakuiwekea hiyo haja umri wa kuisha. Wewe unayo hiyo sehemu, wapo watu wangeilipia.

Haya, turudi kwenye maswali yako, maana nimeyasoma vizuri na hayafanani. La doa ni la ujuzi, mama kashafua damu nyingi kuliko wewe, atakwambia maji ya baridi na sio ya moto kwa sababu ya moto yanaigandisha ndani ya kitambaa, umejifunza, mwezi ujao humpigii tena kwa hilo. La bosi ni kitu kingine kabisa. Mama hamjui bosi wako, hajui ofisini mmeachana vipi Ijumaa, anachojua ni kwamba mwanae kagombezwa, kwa hiyo atakupa jibu la mama: la kukutetea. Hapo hutafuti ushauri, unatafuta mtu akwambie uko sawa, na ni ruhusa kabisa kulitafuta hilo ila ujue ndo unalolitafuta, halafu imeili uiandike mwenyewe.

La mtoto ndo naomba unisikilize sana. Mama zetu wametulea na tumekua, sawa, lakini kuna mambo waliyofundishwa, tena mengine na wataalamu, ambayo yamebadilika. Zamani mzazi aliambiwa mlaze kifudifudi ili asipaliwe. Ikaja kuonekana kulala hivyo kunaongeza hatari ya kichanga kufa ghafla usingizini, Uingereza wakaanza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani 1994, na vifo vya namna hiyo vikashuka sana. Vivyo hivyo maji: Shirika la Afya Duniani tangu 2001 linasema miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, na asali usimpe kabisa mpaka afikishe mwaka. Akiungua usimpake dawa ya meno wala mafuta, ni maji ya bomba yaliyopoa yanayotiririka dakika 20 halafu kwa daktari. Na homa: kichanga wa chini ya miezi mitatu akifika 38 ni hospitali moja kwa moja, kwa umri wa wako, miezi 3 mpaka 6, ukiona 39 usisubiri, na hata kabla ya hapo, akilegea, akigoma kunyonya au akipumua kwa shida, simu ya kwanza isiende kwa mama, iende kwa watu wa afya. Mama mpigie mkiwa njiani. Akikasirika kwamba siku hizi daktari ndo anajua zaidi mwache akasirike kidogo, atapoa akimuona mjukuu mzima.

Sasa mumeo. Mimi sidhani kinachomuuma ni simu zenyewe. Kinachomuuma ni kufika wa pili. Anaanza wazo la kuhama, hajalimaliza, tayari lina maoni ya mtu ambaye hayupo chumbani, na akipinga anaonekana anampinga mama mkwe na sio wewe, atashindaje hapo? Kwa hiyo mambo ya nyumba yenu, pesa, kuhama, mtoto wa pili, kazi yake, yaongeeni nyinyi wawili mpaka mfike mahali, hata kama mahali penyewe ni "bado hatujui", ndo mama asikie. Na ugomvi wenu usimpelekee kabisa ukiwa bado wa moto, isipokuwa unapigwa au unatishwa, hapo sema, sema kwa yeyote. Huu mwingine wa kawaida nyinyi mtapatana usiku, asubuhi mmesahau, mama yeye kabaki nao, alisikia kesi na hukumu ya mapatano haikumfikia, halafu mnashangaa mbona kamnunia mkwe.

Kuacha ghafla usiache. Ukikata simu zote Jumatatu mama atajua kuna mtu kakufundisha, na atajua ni nani (hata kama sio yeye). Badilisha unavyouliza tu. Kabla ya kupiga jipe jibu lako kwanza, hata baya, liandike kwenye simu, halafu mpigie useme mama nimeamua kufanya hivi, kuna kitu nimekisahau? Utashangaa mara nyingi atasema hamna. Na mengine utakuta ulishajijibu wakati unaandika. Enzi za barua mtu aliyekaa mbali alikuwa anauliza, jibu linafika baada ya wiki kadhaa, shida ishaisha zamani na kaitatua mwenyewe, hakuwa na akili kukuzidi, hakuwa na simu tu.

Kitu kimoja nilikitafuta kwenye barua yako sikukiona. Unamuuliza mama doa, imeili, rangi ya pazia sijui, mambo ambayo jirani au intaneti wangekujibu. Yale ambayo ni yeye peke yake anayajua umeshayauliza? Kwenu kuna kisukari, kuna presha, bibi alikufa na nini na akiwa na miaka mingapi, kuna mtu alipata saratani ya matiti akiwa bado kijana? Wewe ulipokuwa mdogo kuna dawa ilikukataa? Chanjo ulizopata kadi iko wapi? Mimba yako ilimsumbua vipi? Daktari atakuuliza haya siku moja na utabaki unatoa macho. Tena mama ambaye umezoea kumpa kazi ya ushauri ukimpunguzia maswali ya shati ukampa haya, hatajisikia kaachwa. Kaa naye, andika, muulize na alivyokuwa anafanya yeye alipokuwa na miaka 31 na wewe mgongoni, nani alimshauri. Hapo na mumeo akikuta mnaongea hana neno.

SWALI: Mambo anti. Nina miaka 27, baba yangu namuuliza vitu vingi, gari, fundi, mambo ya pesa. Tatizo nikimuuliza halafu nisifanye alivyosema ananuna. Nilimuuliza kuhusu kubadili kazi, akasema usihame, mimi nikahama, sasa hivi hapokei simu zangu, salamu natuma kwa mama. Niache kumuuliza mazima?

JIBU: Poa mwanangu. Baba yako naye nampa haki kidogo. Wewe unauliza ili upate maoni, yeye anasikia unaomba ruhusa, na ukiomba ruhusa ukanyimwa halafu ukafanya, kwa akili yake hiyo ni dharau. Hamjawahi kuambiana ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kwa hiyo usiache kuuliza, ila useme mlangoni kabisa. Baba, hili nalipima, nimeongea na wengine wawili, nataka na jicho lako, uamuzi nitaufanya mwenyewe mwisho wa mwezi. Hakuna ubishi hapo na hakuna kukosa adabu. Na yapo ambayo hayaulizwi, yanaarifiwa. Kama barua ya kazi mpya ulikuwa ushaisaini moyoni, kwenda kumuuliza baba ilikuwa kutafuta baraka kwa mlango wa nyuma, na wazee wananusa hiyo haraka sana. Ungemwambia tu nahama, sababu hizi, niombee.

Halafu mtenganishe baba kwa mada. Kama anajua magari anajua kweli, muulize magari mpaka achoke. Lakini pesa na kazi inategemea, mtu aliyekaa kwa mwajiri mmoja miaka yote hadi pensheni atakushauri kwa dunia aliyoiishi, na kwako mikataba ya miaka miwili miwili ndo kawaida, hakudanganyi, anakupa ramani ya mtaa ambao ushajengwa upya. Sikiliza hofu yake, mara nyingi ndani yake kuna swali zuri, kwa mfano ukiumwa huko ulikohamia nani analipa, au wakikuachisha una akiba ya miezi mingapi. Majibu ya hayo uwe nayo.

Kuhusu simu, acha kupitia kwa mama, unamfanya tarishi na yeye anaishi nae. Nenda mwenyewe. Usianze na kazi, anza na gari, lazima kuna kitu kinagonga.

SWALI: Anti mimi ni mama, binti yangu ana miaka 24 na anajitegemea mbali na mimi, ananipigia asubuhi mchana jioni, sabuni ipi, nguo ipi, apande basi au asubiri. Nampenda lakini nimechoka, na nikimwambia nimechoka naona nitakuwa mama mbaya. Nifanyeje?

JIBU: Hutakuwa mama mbaya dada yangu, ila na wewe unajibu haraka mno. Akiuliza nguo ipi unasema ya bluu kabla hajameza mate, sasa kwa nini afikirie? Jaribu kumrudishia, wewe unaonaje, halafu unyamaze, na kunyamaza kwenyewe ndo kazi maana mdomo utakuwasha. Akisema anaonaje, usirekebishe hata kama wewe ungechagua nyingine, nguo ni nguo. Meseji za mambo madogo zijibu jioni, utakuta nyingi kashaandika "basi nimeshajua".

Ila sikiliza sauti. Kama zamani alikuwa anaamua mwenyewe na hii imeanza karibuni, usingizi hapati, chakula hali, moyo unamwenda mbio, anauliza kitu kilekile mara tatu na jibu halimtulizi, basi hayo sio maswali ya sabuni, hiyo inaweza kuwa hofu iliyozidi, na inatibika, mpeleke akaongee na mtaalamu, na kipindi hicho pokea simu zote. Kama sio hivyo, kabla hujaanza kuchelewesha majibu mwambie kabisa kwamba utafanya hivyo na kwa nini, asije akadhani umemkasirikia akaanza kukupigia mara sita.