Yule dada wa tangazo la Macintosh alipata wapi iPod?

SWALI: Najifunza kuhariri video. Mwalimu wetu hulisifu sana tangazo la Apple la mwaka 1984 la kompyuta ya Macintosh, lile la dada anayekimbia ukumbini na nyundo na kuirusha kwenye skrini kubwa ya mtawala. Nilipolitafuta mtandaoni nikaona dada ana iPod kiunoni na hedifoni masikioni. iPod ilikuwepo wakati huo? Na mbona kompyuta yenyewe haionekani?

JIBU: Macho yako hayakukudanganya, ndugu yangu. iPod, kile kicheza muziki cha mfukoni cha Apple, ilizinduliwa Oktoba 2001, kwa hiyo mwaka 1984 haikuwepo. Umeangukia nakala ambayo Apple wenyewe waliitengeneza mwaka 2004, Macintosh ilipotimiza miaka 20. Dada ni yuleyule na nyundo ni ileile. Kilichobandikwa ni kifaa cha kiunoni na waya mweupe unaopanda hadi masikioni.

Tafuta nakala zote mbili, uziweke sambamba, uzisogeze fremu kwa fremu. Filamu ya kawaida hupigwa fremu 24 kwa sekunde, na mtu anayekimbia hatulii hata katika moja. Ukimbandika kitu kiunoni, lazima kipande na kushuka na kiuno, kigeuke anapogeuka, kipate mwanga uleule wa ukumbi. Zaidi ya yote kipate ukungu wa mwendo, yaani ule ufifiaji wa kingo za kitu kinachopita kwa kasi mbele ya kamera. Wanafunzi wengi hufuatilia mwendo vizuri kabisa, kisha wanasahau ukungu, na kitu kinabaki kikali kama stika iliyogandishwa kwenye kioo. Mtazamaji hatajua kosa ni nini, ila atahisi kuna uongo.

Sasa kompyuta. Ipo! Simamisha picha dada anapokuja kuielekea kamera, utazame singlendi yake nyeupe: kifuani kuna mchoro wa Macintosh, mistari michache tu. Zaidi ya hapo haionekani, kwa sababu ilikuwa bado haijazinduliwa. Tangazo lilirushwa na CBS, kituo cha televisheni cha Marekani, tarehe 22 Januari 1984, katika robo ya tatu ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, na Macintosh ikatoka tarehe 24. Kazi ya zile sekunde 60 ilikuwa moja: watu waisubiri hiyo tarehe. Ndiyo maana maneno ya mwisho yanaitaja, kisha yanaahidi kwamba mwaka 1984 hautafanana na ule wa riwaya ya George Orwell, ambamo mtawala huwachunga watu kupitia skrini.

Mwongoza filamu Ridley Scott ndiye aliyeliongoza tangazo hilo, katika studio za Shepperton, Uingereza. Kwa mkimbiaji walimchukua Anya Major, aliyekuwa na uzoefu wa kurusha kisahani, maana kuzunguka na nyundo kisha kuiachia ielekee pale unapotaka si kazi ya kila mwanamitindo. Bodi ya Apple ilipoonyeshwa tangazo haikulipenda kabisa, ikataka muda wa hewani ulionunuliwa uuzwe. Wakala wa matangazo, Chiat/Day, akauza sekunde 30 na kubaki na zile 60. Nashukuru sana kwa hilo. Pia si kweli kwamba lilirushwa mara moja tu: kitaifa ndiyo, lakini Desemba 1983 lilikuwa limeshapita usiku wa manane katika kituo kidogo cha Twin Falls, Idaho, ili liwahi mashindano ya matangazo ya mwaka ule.

Ila usitoke hapa ukiamini kwamba siri ni kuificha bidhaa. Mwaka 1985 Apple walirudi Super Bowl na tangazo la maofisa waliofungwa vitambaa machoni, wakiandamana hadi ukingoni mwa jabali na kutumbukia. Wateja waliolengwa walikuwa maofisa haohao, na wengi walijiona wametukanwa. Katika lile la kwanza mtazamaji alijiweka upande wa dada mwenye nyundo. Katika la pili aliwekwa kwenye foleni ya vipofu. Mimi naona tofauti yote iko hapo. Na hata lile la kwanza halikuweza kuiongezea mashine kumbukumbu: Macintosh iliuzwa dola 2,495 ikiwa na kilobaiti 128 tu, na baada ya pupa ya miezi ya mwanzo mauzo yalipungua.

Kwa zoezi, chukua nakala isiyo na iPod, uchague shoti moja fupi dada akiwa anakimbia, umbandike saa mkononi. Anza na ukungu.