Jibu: Meseji za michango ya kampeni zimenichosha, hata kura sipigi

Mambo mkuu. Umesema meseji za kuomba mchango wa kampeni zinaingia kila siku mpaka hamu ya kupiga kura imekata. Cheki kwanza zinatoka wapi, kama ni namba ya kawaida na jina la kupokea hela sio la chama, huyo tapeli tu, iripoti kwenda 15040 halafu mblok. Mimi huku Mbagala niliwahi kutuma buku tano, weee, ndo nikawa mteja wao, zikazidi. Usijibu kitu, hata tusi. Ila kura usiichanganye na hayo, uchaguzi mkuu wa Tanzania wa 2010 hata nusu ya waliojiandikisha hawakutokea na mshindi akaapishwa vilevile. Anza na diwani wa kata yako, mitaro ya mtaani kwako inamhusu yeye.