Namba za Mashindano: Sumaku au Stika?

Barua nyingi za safari hii zinahusu namba za gari la mashindano, zile za kubandika asubuhi na kubandua jioni bila kuharibu rangi. Tumezijibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Assalamu alaykum. Gari yangu ni Toyota Starlet, na ndiyo hiyo hiyo ninayoendea kazini. Namba za sumaku zinashika kweli gari ikikimbia? Dukani nimeoneshwa shiti nyembamba ya bei nafuu. – Msomaji, Mwanakwerekwe

Waalaykumu ssalam. Zinashika, lakini si kwa shiti hiyo. Shiti ya sumaku ya gari huwa na unene wa milimita 0.75 au 0.85. Zile za 0.3 hadi 0.5 ni za kubandika kwenye friji. Mlangoni zitatulia gari likiwa limesimama, na mwendo ukikolea utazikuta barabarani nyuma yako.

Kabla ya kutoa pesa, chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa chembamba na uipitishe mlango mzima. Pale inapolegea au kudondoka pana puti nene chini ya rangi, hasa upande wa chini wa mlango ambako kutu huanzia. Shiti nayo italegea papo hapo. Tafuta eneo lililo sawa, lisilo na mkunjo wa bati, ukanda wa plastiki wala ufa wa mlango. Shiti haipindi kufuata mkunjo. Inaacha uwazi, na upepo unaingia hapo.

Tengeneza kibao kimoja chenye namba nzima, usikate kila tarakimu peke yake. Tarakimu kama 1 ni kijiti chembamba, haina eneo la kutosha la kushika. Kwa tarakimu mbili zenye kimo cha sentimita 28, kibao cha 50 kwa 38 kinatosha na kinaacha sentimita 5 za weupe pembeni. Roli za shiti hii mara nyingi zina upana wa sentimita 61. Ukilaza ile 50 kwenye upana wa roli, vibao viwili vinakula urefu wa sentimita 76, basi nunua 80. Ukilaza kinyume utahitaji mita nzima. Namba ya tarakimu tatu inataka kibao cha sentimita 65, na hapo huna budi kukilaza kwa urefu wa roli: mita 1.3 kwa vibao viwili.

Pembe zote nne zizungushe; sarafu ya shilingi mia mbili inafaa kuchorea. Pembe kali ndiyo ya kwanza kunyanyuka. Siku ya mashindano pitisha tepu kwenye ukingo unaoelekea mbele ya gari na ule wa juu, nusu ya tepu kwenye kibao na nusu kwenye rangi. Kibao kina uzito wa karibu nusu kilo, kwa hiyo kikiruka si jambo la mzaha kwa anayekufuata. Kwenye boneti usiweke kabisa: upepo wa huko unanyanyua.

Nina Subaru Impreza WRX ninayotaka kuivusha Bara kwa ajili ya rali. Sumaku inashika milangoni, lakini kwenye boneti inateleza kama si bati. Kasoro ni nini? – Msomaji, Fuoni

Hakuna kasoro. Boneti za WRX nyingi ni za alumini, na sumaku haina habari na alumini. Mitsubishi Lancer Evolution VIII na IX ni vivyo hivyo kwenye boneti na madigadi ya mbele. Faiba nayo haishiki.

Kwa rali tunakushauri uachane na sumaku. Njia ya changarawe inatikisa bodi, vumbi linaingia chini ya kibao, na mawe yanapiga kingo. Halafu waandaaji wa rali kwa kawaida ndio wanaotoa vibao vyao wenyewe, kwa hiyo soma kanuni za ziada za shindano kabla ya kukata chochote. Vipimo vinavyofuatwa katika rali zinazoendeshwa chini ya FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, ni hivi: kibao cha mlango wa mbele sentimita 67 kwa 17, tarakimu kimo cha 14 na unene wa mstari 2, rangi ya manjano kali (fluorescent) juu ya nyeusi isiyong'aa, na kisanduku cha namba kinakaa upande wa mbele. Juu ya paa ni tarakimu nyeusi za sentimita 28, mstari wa 5, kwenye weupe wa 50 kwa 38. Ile manjano kali hupauka upesi juani, basi usiibandike miezi mitatu kabla ya shindano.

Kama namba umeshaziweka, zibandue kabla ya kupandisha gari melini. Maji ya chumvi yakijipenyeza chini yake, yatakaa humo hadi ufike.

Huku kwetu hakuna mashine ya kukatia stika. Naweza kukata namba kwa mkono zikawa za kueleweka? Na ninunue stika gani ili itoke bila kuacha gundi? – Msomaji, Wete

Unaweza, tena kwa namba moja tu mkono hauchelewi kama watu wanavyodhani.

Kwanza stika yenyewe. Uliza gundi kabla ya rangi: unataka ya kubanduka, si ya kudumu. Kwa mfano, kwenye stika za chapa ya ORACAL, 631 ina gundi ya kubanduka na 651 ina ya kudumu. Chagua isiyong'aa, kwa sababu jua la saa saba likipiga stika inayong'aa mtunza muda haoni kitu. Kuna pia ile isiyo na gundi inayojishikiza kwenye kioo. Iweke kioo cha ubavuni kwa ndani, maana nje ya bodi itapeperuka. Kwa milango miwili nunua nyeusi nusu mita na nyeupe sentimita 80 ya kuweka chini ya tarakimu.

Chora tarakimu kwenye kartoni ngumu: kimo sentimita 28, upana 18, unene wa mstari 5. Kati ya tarakimu mbili acha 4. Tumia mistari iliyonyooka na ukate kona kwa mshazari. Herufi za madoido haziwezi kukatwa kwa mkono zikapendeza, na kwa mbali hazisomeki. Jaribio ni namba 8. Kwa vipimo hivi matundu yake mawili yana kimo cha sentimita 6.5 na upana wa 8 kila moja. Ukiongeza unene wa mstari matundu yanaziba, na 8, 6 na 3 zote zinakuwa kitu kimoja kwa mtu aliyesimama mita hamsini.

Chorea juu ya uso wa stika. Ukichorea nyuma, kwenye karatasi, geuza kartoni kwanza, la sivyo 2 na 5 zitatoka kinyume na stika imekwisha. Laza juu ya kioo, weka wembe mpya kwenye kisu, na anza na matundu ya ndani wakati shiti bado ina nguvu. Mzunguko wa nje uwe wa mwisho. Bonyeza kiasi cha kukata stika bila kupasua karatasi ya chini.

Funika tarakimu kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi, vipande vipandiane kidogo kama makuti. Pindua yote, kisha menya karatasi ya nyuma ukiirudisha bapa juu yake yenyewe. Ukiivuta kwenda juu, tarakimu itabaki kwenye karatasi. Mlango uwe umeoshwa kwa sabuni, ukakauka, ukafutwa kwa spiriti. Umande wa asubuhi usiuone mdogo, ufute pia. Fanya kazi kivulini bati likiwa limepoa, kwani kwenye bati la moto gundi inanasa pale inapogusa na huna nafasi ya pili.

Nyunyiza maji yenye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo kwa lita, laza tarakimu, isogeze mpaka ikae sawa, halafu sukuma maji kutoka katikati kwenda kingoni kwa kadi ya plastiki iliyovishwa kitambaa laini. Subiri nusu saa au zaidi, na kama gundi ni nyepesi subiri zaidi, ndipo utoe tepu taratibu. Povu lililobaki litoboe kwa sindano pembeni yake, si katikati. Gari likiwa jeusi au la rangi nzito, weka ule weupe kwanza.

Stika za namba zimekaa juani karibu mwaka. Sasa zinakatika vipande vipande na gundi imebaki. Fundi ananiambia nitumie thina. – Msomaji, Chake Chake

Thina usiiguse, hasa kama gari lilipakwa upya kwa rangi isiyo na klia (vanishi ya kulinda) juu: italainika na kitambaa kitaondoka nayo. Stika zako zinaelekea kuwa za daraja la chini, ambazo joto huzikausha na kuzisinyaza huku gundi ikibaki kwenye bati.

Pasha sehemu ya ukubwa wa kiganja kwa draya ya nywele hadi iwe moto lakini mkono unavumilia. Nyanyua pembe kwa ukucha au kadi ya plastiki, vuta polepole ukiirudisha bapa, na uendelee kupasha mbele ya mkono. Ikikatika, ama imepoa ama unavuta haraka. Gundi iliyobaki ilowanishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukiwa mbali na moto na draya imezimwa. Iache dakika tano, futa, kisha osha kwa sabuni. Ukishamaliza huenda bado ukaiona namba kwa kivuli. Hiyo si gundi: rangi ya pembeni imepauka na ya chini ya stika haikupauka. Polishi hupunguza, haimalizi, na kwenye gari jekundu huonekana zaidi.

Tunakodisha magari ya watalii, na vibao vya sumaku vya namba za msafara tunaviacha mlangoni masika nzima. Vina madhara? – Msomaji, Nungwi

Vina madhara. Maji na chumvi vinanaswa chini, rangi inafanya weupe au malengelenge, na punje za mchanga zinasugua kila mlango unapofungwa kwa nguvu. Vitoeni kila jioni, futeni pande zote mbili pamoja na mlango, na asubuhi virudisheni kwa kuvinyanyua na kuviweka upya, si kuvitelezesha. Gari lililotoka kupakwa rangi lipewe miezi mitatu kwanza. Vihifadhiwe bapa ndani, karatasi kati ya kibao na kibao, na nyuso za sumaku zisikutane. Vikilazimika kuzungushwa, maandishi yawe nje.