Nabii anayetabiri kweli na maisha yake si safi: nimfuate?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama karanga hapa Malindi, nakaanga samaki na kuwauza jioni. Mwaka jana niliingia katika huduma ya nabii mmoja. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya watu akataja jina la mume wangu, ugonjwa wake wa sukari na kidonda chake cha mguu, na hajawahi kutuona. Mlangoni nilijaza tu ile fomu ya wageni na hitaji langu la maombi. Nikaambiwa nipande mbegu ya shilingi elfu thelathini ili laana ya ukoo ivunjwe, nikakopa kwenye chama chetu cha kina mama. Mume wangu aliambiwa kumeza dawa ni kukosa imani, akaziacha. Sasa mama mmoja wa kanisani amenieleza kwa siri kwamba nabii anatembea na binti wa mama huyo, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilipowauliza wazee wa kanisa nilijibiwa "Msiwaguse masihi wangu", tena kwamba karama za Mungu hazina majuto. Jumapili iliyofuata nabii akatangaza madhabahuni kwamba yuko mwanamke mwenye ulimi mrefu atakayezika mtu wake kabla ya mwaka kuisha. Silali. Je, unabii wake ni wa Mungu? Na nikitoka, laana hiyo itanipata?

JIBU: Amina, dadangu. Kabla ya habari za nabii, tuanze na mume wako. Mpeleke kliniki leo, usingoje Jumatatu. Apimwe sukari, kidonda kifunguliwe kitazamwe, na daktari aambiwe wazi kwamba dawa ziliachwa na tangu lini. Asianze kuzimeza mwenyewe kwa kukisia. Mguu wa mgonjwa wa sukari huoza bila maumivu makali, kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Mtu hudhani anapata nafuu kumbe anapoteza mguu.

Mume wako akikuuliza kama kwenda kliniki ni kukosa imani, msomee 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Mungu mwenyewe akamtuma Isaya na ahadi kwamba atapona na siku ya tatu atapanda nyumbani kwa BWANA. Ahadi imekwisha kutoka, nabii wa kweli ameitamka, na papo hapo Isaya akasema, "Twaeni mkate wa tini." Wakautwaa, wakauweka juu ya jipu, akapona. Isaya alikuwa na neno la Mungu kinywani na akaagiza dawa ya kubandika. Huyu wa kwenu amepata wapi neno kubwa kuliko la Isaya?

Sisi watu wa Malindi ndio hasa tusiotakiwa kusikiliza mafundisho ya namna hii mara mbili. Aprili 2023 makaburi ya Shakahola, ya waumini walioambiwa wafunge chakula hadi kufa ili wamwone Yesu, yalianza kufukuliwa katika kaunti yetu hii hii ya Kilifi, na miili iliyotolewa ilipita 400. Tuliwaona ndugu waliotoka mbali wakingoja hospitali ya Malindi kutoa sampuli za vinasaba ili wajue kama mama yao au mtoto wao yumo. Familia za kwanza zilianza kukabidhiwa miili Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Kesi ziko mahakamani na mahakama itasema yake. Lakini mhubiri anayemwambia mgonjwa aache dawa, au mwenye afya aache chakula ili amwone Yesu, asipewe tena nafasi ya kueleza alimaanisha nini.

Sasa swali lako. Jibu langu ni kwamba kutimia kwa neno hakumfanyi mtu kuwa nabii wa Mungu, na nabii asiyetaka maisha yake yaulizwe hafuatwi. Unaruhusiwa kutoka. Kwa hali uliyoieleza, nasema unapaswa kutoka.

Najua linalokushika ni ile siku ya kwanza. Alijua jina la mume wako. Sitasema alijuaje, maana sikuwepo. Ila umeandika mwenyewe kwamba ulijaza fomu mlangoni na ukaeleza hitaji lako, nami ningependa kujua fomu ile ilipita mikononi mwa nani kabla hujasimamishwa. Hata hivyo tuache fomu. Tukubali kwamba aliona kwa njia isiyo ya kawaida. Je, hilo linamthibitisha? Kule Filipi alikuwako kijakazi aliyewafuata Paulo na Sila siku nyingi akipiga kelele kwamba watu hawa ni watumwa wa Mungu aliye juu, wanaohubiri njia ya wokovu (Matendo 16). Kila alichosema kilikuwa kweli. Paulo hakumpa kipaza sauti. Alimkemea pepo aliyekuwa ndani yake, na Luka, aliyeandika habari hiyo, anatuambia pia kwamba kijakazi yule alikuwa akiwapatia mabwana zake faida nyingi kwa kuagua.

Tena Maandiko yanakwenda mbali zaidi ya hapo, na hapa ndipo wengi wetu hatujatulia tukasoma. Hata neno linalotoka kwa Mungu kweli laweza kupita katika kinywa cha mtu mwovu. Balaamu alitamka baraka juu ya Israeli ambazo tunazisoma hadi leo, kisha ushauri wake ukawaangusha Waisraeli katika uzinzi kule Peori (Hesabu 31:16), na akafa kwa upanga pamoja na adui. Sauli alitabiri Nayothi akiwa safarini kumuua Daudi. Kayafa, kuhani mkuu, alitabiri kwamba Yesu atakufa kwa ajili ya taifa, na Yohana anasema wazi hakulinena hilo kwa nafsi yake. Kuanzia siku ile wakafanya shauri la kumwua. Kama kutabiri sawasawa ndiyo muhuri wa utumishi, basi Kayafa awe baba yetu wa kiroho.

Bwana Yesu aliliona jambo hili kabla yetu. Hakusema mtawatambua kwa maono yao. Alisema, "Mtawatambua kwa matunda yao," na mistari michache baadaye akawataja watu watakaomwambia siku ile kwamba walifanya unabii kwa jina lake, wakatoa pepo, wakafanya miujiza mingi. Angalia kwamba hakuwabishia. Hakuwaambia hamkutabiri. Aliwaambia, "Sikuwajua ninyi kamwe, ondokeni kwangu, ninyi mtendao maovu." Unabii ulikuwapo, uovu ulikuwapo, na uliohukumiwa ni uovu.

Watetezi wa nabii wenu watasema, lakini nabii wetu hatupeleki kwa miungu mingine, anahubiri Yesu. Wafunguliwe Yeremia 29. Ahabu mwana wa Kolaya na Sedekia mwana wa Maaseya walitabiri kwa jina la BWANA, si la Baali, kwa watu waliokuwa uhamishoni wenye kiu ya neno la kuwatia moyo. Mungu anataja makosa yao mawili: walizini na wake za jirani zao, na walinena kwa jina lake maneno ya uongo ambayo hakuwaagiza. Yote mawili yanatajwa pamoja, kana kwamba hayaachani. Nami nimechunga watu muda wa kutosha kuona kwamba kweli hayaachani, kwa maana mwenye dhambi anayoificha huhitaji maneno makubwa ya kuifunika.

Kuhusu "karama za Mungu hazina majuto": mstari huo ni Warumi 11:29, na Paulo hapo anazungumza habari za Israeli, kwamba Mungu hajawatupa watu wake. Hakuna mzinzi anayetetewa katika sura ile. Na hata tukiazima maneno yale tuyaweke juu ya karama za huduma, Samsoni anatujibu. Alilala na kahaba Gaza, akaamka usiku wa manane aking'oa milango ya mji. Nguvu zilikuwa bado zipo, na pengine alijiambia Mungu hajali. Kisha ikafika siku aliyojinyosha kama siku zote, asijue ya kuwa BWANA amemwacha. Mungu akichelewa kuchukua karama anampa mtu nafasi ya kutubu. Mtu akiitafsiri nafasi hiyo kuwa kibali, na wazee wake wakamsaidia kuitafsiri hivyo, wote wanamkosea Mungu.

Hilo la "Msiwaguse masihi wangu" ndilo linalonikera, na nitalisema kwa ukali. Someni Zaburi 105 kuanzia mstari wa 12. Masihi wale, yaani wapakwa mafuta, ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakati walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga taifa hadi taifa. Waliokatazwa kuwagusa ni wafalme. Yaani mstari huu Mungu aliuweka kuwa ngao ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Leo mwenye nguvu ameunyakua, anampiga nao mnyonge. Daudi alikataa kumuua Sauli, ni kweli, lakini alisimama ng'ambo akampigia kelele mbele ya jeshi zima akimuuliza kwa nini anamfuatia bure. Nabii Nathani alimwambia Daudi, mfalme mpakwa mafuta, "Wewe ndiwe mtu huyo." Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, mbele ya wote. Na Samweli, nabii ambaye neno lake halikuanguka chini hata moja, alipozeeka alijileta mwenyewe mbele ya watu akawauliza ametwaa ng'ombe wa nani, ametwaa punda wa nani, ni nani aliyemdhulumu. Nabii safi huomba kuulizwa.

Na zaidi ya hayo, Yohana anawaandikia waumini wote kwamba wamepakwa mafuta na Yeye aliye Mtakatifu (1 Yohana 2:20). Binti wa kidato cha tatu aliyeokoka naye ni mpakwa mafuta wa Bwana. Kama aliyosema mama yake ni kweli, basi tujiulize ni nani aliyemgusa masihi wa Bwana.

Juu ya fedha sitakaa sana, maana Biblia iko wazi. Mtenda kazi anastahili ujira wake, nami sipingi nabii kulishwa. Kinachokatazwa ni bei. Elisha alimponya Naamani akakataa zawadi hata aliposhurutishwa. Mtumishi wake Gehazi alipokimbia nyuma ya gari la Naamani kuchukua talanta na mavazi, alirudi na ukoma. Wakristo wa kwanza waliandika kanuni kuhusu manabii wasafirio, katika kitabu kidogo kiitwacho Didake, nayo inasema kwamba mtu akisema katika roho "nipeni fedha", asisikilizwe. Lakini akiomba kwa ajili ya wahitaji wengine, mtu asimhukumu. Inasema pia kwamba si kila anenaye katika roho ni nabii, ila yule mwenye mwenendo wa Bwana. Ni maneno ya kanisa changa kabisa, na yangetosha kufunga nusu ya vibanda vya maombi kwenye mitaa yetu. Laana ya ukoo iliyovunjwa na Kristo msalabani haidai shilingi elfu thelathini za mama anayekaanga samaki.

Unaogopa ile kauli ya madhabahuni. Nehemia 6 inaeleza nabii aliyeitwa Shemaya, aliyemwambia Nehemia kwamba wanakuja usiku kumuua, akajifungie hekaluni. Nehemia akatambua kwamba Mungu hakumtuma. Tobia na Sanbalati, adui za Nehemia, walikuwa wamemwajiri Shemaya ili amtie hofu. Unabii wa kutisha hutumiwa kufunga midomo tangu zamani. Mithali 26:2 inasema laana isiyo na sababu haimpigi mtu. Mume wako akizidiwa kabla ya mwaka kuisha, sababu itakuwa sukari isiyotibiwa, na anayeitumia hofu hiyo atakuwa yule yule aliyemwachisha dawa. Unaona mtego ulivyo? Ndiyo maana nimekuanzia na kliniki.

Habari ya binti. Wewe umesikia, hukuona, na mimi nimesikia kwako. 1 Timotheo 5:19 inakataza kupokea mashtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu, kwa hiyo usiisambaze habari hii sokoni wala kwenye simu. Lakini mstari huo haukuwekwa ili mtoto aachwe mikononi mwa anayemdhuru. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Ni kosa la jinai, na kulichunguza si kazi ya wazee wa kanisa. Huku kwetu mambo haya yamezoeleka kumalizwa nyumbani: wazee wakae, mbuzi alipwe, mtoto anyamazishwe, na mwaka ujao ni mtoto mwingine. Kaa na mama yule, mwambie hutamwacha peke yake, mwende pamoja kwa afisa wa watoto au dawati la jinsia la polisi. Akiogopa kuonekana, apige 116, simu ya watoto, ni bure. Na binti mwenyewe asiulizwe maswali ya aibu na watu kumi. Aulizwe na wanaojua kuuliza, kisha akumbatiwe.

Wala usitoke huko ukauchukia unabii. "Msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema," Paulo aliwaandikia Wathesalonike. Tafuta ushirika ambako mchungaji ana watu wanaoweza kumwambia hapana, ambako vitabu vya sadaka husomwa mbele ya waumini, na ambako mtu akinena, wengine hupambanua kama 1 Wakorintho 14:29 inavyoagiza. Uende na mume wako. Mgonjwa aliyetishwa na nabii anahitaji kuombewa na watu wasiomtaka chochote.

Zile elfu thelathini una haki ya kuzidai. Nenda na shahidi, ongea kwa adabu, na usiufute ule ujumbe wa malipo kwenye simu yako. Asipokurudishia, usilale macho kwa sababu hiyo. Waeleze kina mama wa chama ukweli wote, jinsi ulivyokopa na ulizipeleka wapi, mpange kulipa kidogo kidogo. Usione haya kwao. Nadhani utakuta si wewe peke yako uliyekopa kwa ajili ya mbegu hiyo.