Baiskeli ghali, mwendeshaji je?

Maswali ya wasomaji kuhusu baiskeli za milimani, yakijibiwa na mafundi na wakufunzi wa safu hii.

SWALI: Wahariri, salaam. Kikundi chetu huendesha katika msitu wa Karura kila Jumamosi, na mara moja kwa mwezi tunakwenda milima ya Ngong. Mwenzetu mmoja amenunua baiskeli ya kaboni yenye shokamzoba mbele na nyuma, bei yake imepita laki sita. Tangu hapo yeye ndiye kiongozi na mwalimu wetu. Mwingine ana ya alumini, yenye shokamzoba kwenye foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) tu, lakini kwenye mteremko hakuna anayemshika. Je, bei ya baiskeli ni kipimo cha ujuzi?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Si kipimo, ila msikimbilie kumcheka mwenye kaboni. Pesa zake zimenunua vitu vitatu vya kweli: breki za mafuta zisizochosha vidole, shokamzoba zinazodhibiti kasi ya kurudi baada ya kubonyea, na uzito mdogo. Hicho cha tatu ndicho kinachosifiwa sana dukani, na ndicho chenye faida ndogo. Tupige hesabu. Mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 15, jumla ni kilo 90. Mpe ya kilo 11, inabaki 86, yaani imepungua kwa asilimia 4.4 hivi. Kwenye mwinuko mkali, ambako karibu nguvu zote za miguu zinapambana na uzito, mlima wa dakika 20 utaupanda kwa sekunde 50 hivi pungufu. Kwenye njia za Karura zisizo na milima mikali, tofauti hiyo inaweza kumezwa na upepo wa tairi uliokosewa.

Shokamzoba zinasaidia na pia zinaficha. Mwenye foki inayobonyea milimita 160 anaweza kugonga mzizi akiwa amekaa kitako, mikono imekakamaa, na asiadhibiwe. Mwenye foki ya milimita 100 akijaribu hivyo anarushwa. Ndiyo maana huyu wa pili hujifunza mapema kusimama juu ya pedali, kukunja viwiko na magoti, na kutazama njia mita kumi mbele badala ya kutazama gurudumu. Mwenzenu wa alumini yawezekana kabisa amefundishwa na ubovu wa foki yake.

Mchezo wenyewe ulianzia kwenye vyuma chakavu. Mwaka 1976, katika Kaunti ya Marin huko California, vijana walianza kushindana kwenye mteremko wa Repack wakitumia baiskeli nzito, nyingi za miaka ya 1930 na 1940, zenye breki ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma. Habu zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi zijazwe upya. Na Juni 2015, huko Leogang nchini Austria, Aaron Gwin wa Marekani alikatikiwa na cheni mwanzoni kabisa mwa mbio za Kombe la Dunia za mteremko, akashuka bila kupiga pedali na akashinda. Msilichukue tukio hilo kama ushahidi kwamba vifaa si kitu: breki, tairi na shokamzoba zake zilikuwa za hali ya juu. Kilichoonekana siku ile ni namna alivyotunza kasi. Hakufunga breki pasipo haja, na kila bonde dogo alilisukuma kwa miguu na mikono ili limpe mwendo.

Mkitaka kumjua mwendeshaji, acheni lebo mkague mashine yake. Anzeni na tairi ya nyuma. Ikiwa imelika sehemu moja hadi kuwa bapa huku kwingine vifundo vya mpira vipo, mwenyewe hufunga breki ya nyuma hadi gurudumu linakwama na kuburuzwa. Kisha linganisheni pedi za breki. Baiskeli inaposimamishwa uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kushika. Pedi za nyuma zikiisha mara kadhaa wakati za mbele bado mpya, mpandaji anaiogopa breki ya mbele. Diski iliyogeuka rangi ya bluu au zambarau imepashwa moto kupita kiasi, mara nyingi na mtu anayeshikilia breki mteremko mzima badala ya kufunga kwa nguvu kabla ya kona na kuachia ndani yake.

Tazameni pia kipete cha mpira kwenye nguzo ya foki. Kisukumeni hadi chini kabla ya safari, halafu mwone kimepanda hadi wapi mwishoni. Foki ya milimita 150 iliyotumia 70 tu siku nzima ama imejazwa upepo mno, ama njia hiyo haikuihitaji. Njia nyingi za Karura ni za namna hii ya pili.

Jaribio la haki ni kubadilishana baiskeli. Chagueni kipande cha mita 200 chenye kona na mizizi, kila mmoja apite mara tatu kwa baiskeli yake na mara tatu kwa ya mwenzake, mkipima muda. Kabla ya hapo rekebisheni kiti, na muulizane breki ya mbele iko mkono gani. Baiskeli zilizofungwa kwa desturi ya Uingereza zina breki ya mbele mkono wa kulia; zilizotoka Marekani au bara la Ulaya, mkono wa kushoto. Asiyeuliza hufunga ya mbele akidhani ni ya nyuma, akapaa juu ya usukani.

SWALI: Nina baiskeli ya alumini yenye magurudumu ya inchi 27.5, gia nane nyuma, breki za diski za mafuta. Nimeweka akiba. Ninunue foki bora au niiuze nichukue ya bei kubwa zaidi? Nina kilo 70.
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Bado, ndugu. Kama huna kofia ngumu, au uliyonayo ilishawahi kuanguka nawe, akiba ianzie hapo. Inayofuata ni tairi: upana wa inchi 2.25 hadi 2.35 ikiwa fremu ina nafasi, mpira laini na vifundo virefu zaidi mbele, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza huna muda wa kulirudisha.

Upepo ndio marekebisho makubwa yasiyo na gharama. Kwa uzito wako na tairi zenye tyubu, anza na psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 26 mbele na 29 nyuma. Watu wengi hujaza kwa pampu ya kituo cha mafuta hadi 50, tairi inaruka juu ya mawe badala ya kuyakumbatia. Ukishusha mno, rimu inaibana tyubu kwenye jiwe na kuacha matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiona pancha ya namna hiyo, ongeza psi 2. Foki ya upepo isijazwe kabisa kituoni: chemba yake ni ndogo na inataka pampu yake maalumu.

Cheni ipime kwa rula. Weka sifuri katikati ya pini moja. Pini ya 24 kutoka hapo iwe kwenye inchi 12 kamili. Ikivuka kwa milimita 2, badilisha. Ukingoja hadi 3, cheni mpya itaruka juu ya meno yaliyolika na utanunua sproketi pia. Breki zikiwa laini kama sponji, fundi atoe hewa na kuongeza mafuta, lakini mafuta ya madini na ya DOT, ambayo ni aina mbili tofauti za mafuta ya breki, hayabadilishani. Ukiweka yasiyo yake, mipira ya ndani inavimba na breki imekufa.

Kisha fanya zoezi la chupa. Kwenye ardhi kavu, ngumu na tambarare, weka chupa mbili zikiachana mita 10. Fika ya kwanza kwa kasi ya kilomita 15 hivi kwa saa na ufunge breki ya nyuma peke yake. Angalia unasimama umbali gani kabla ya chupa ya pili. Rudia kwa ya mbele peke yake, kidole kimoja, ukiongeza nguvu taratibu, visigino chini, makalio nyuma kidogo, viwiko vimekunjwa. Halafu zote mbili. Utakaposimama mapema bila gurudumu kuburuzwa, ongeza kasi. Fanya hivyo kwa wiki kadhaa, na ukiona foki yako inagonga mwisho kila safari licha ya upepo sahihi, hapo tuandikie tena kuhusu foki.

SWALI: Kuna baiskeli ya mtumba yenye springi mbele na katikati, bei sawa na nyingine yenye foki ya mbele tu. Nichukue ipi?
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Ya foki tu. Kwa bei hiyo, springi ya katikati kwa kawaida ni chuma kitupu kisicho na mafuta ya kuidhibiti: inaongeza uzito, inapokea nguvu zako kila unapopiga pedali, na ukiruka inakurusha juu tena. Hata kwenye hiyo ya foki, funga breki ya mbele usukume mbele na nyuma. Ukisikia shingo ya usukani inacheza, beringi zimelegea au zimekwisha. Chunguza nyufa penye maungio ya fremu, hasa karibu na krenki (mikono inayoshika pedali) na chini ya kiti. Mwisho pitisha ukucha kwenye nguzo za foki: mkwaruzo unaonasa ukucha utakata sili na kuvujisha mafuta, kwa hiyo punguza bei kwa gharama ya foki nyingine au uiache.