Barua kwa mwanangu: usikubali wakujibu kwa Kiingereza

Mwanangu Salma,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, jana usiku na leo kabla ya kwenda zamu. Unasema huu ni mwezi wa nne upo Akureyri, huku Aisilandi, na kila ukijaribu Kiaisilandi dukani au hotelini, unajibiwa kwa Kiingereza. Ukaniuliza: "Mama, lugha ya watu wasiofika hata laki nne, nijitese nayo ya nini?" Sikutaka kukujibu kwa simu, maneno yakapotea.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka wangu wa kwanza Reykjavík nilipata kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Na wafanyakazi wenzangu tulielewana vizuri tu kwa Kiingereza. Lakini kulikuwa na bibi mmoja, kumbukumbu zimeanza kumtoka, na Kiingereza chake kilikuwa kimetangulia kuondoka. Usiku mmoja akaniambia, "Mér er kalt." Akarudia. Nikamtabasamia, nikaitika "já, já", nikamweka sawa mto, nikazima taa. Asubuhi mwenzangu alimkuta amejikunyata, dirisha liko wazi kidogo, vidole baridi kabisa. Maneno yale matatu maana yake ni "nasikia baridi". Bibi alinieleza, nami nikaitika, kisha nikamwacha vilevile. Mpaka leo nikilikumbuka dirisha lile naumia.

Ndipo nikaanza kusoma kweli. Na angalia maneno yenyewe: "mér er kalt" ni kama kusema "kwangu ni baridi". Anayetafsiri kutoka Kiingereza atasema "ég er köld", na hapo atakuwa amesema mwili wake ni wa baridi ukiugusa. Sisi nasi hatusemi "mimi ni baridi", baridi tunaisikia. Kwa hiyo usipitie kwenye Kiingereza, mwanangu. Toka kwenye Kiswahili uingie moja kwa moja.

Una mtaji ambao wenzako wengi darasani hawana. Ile þ inayowasumbua watu ni th ya "thamani", na ð ni dh ya "dhahabu". Ulimi wako unazijua tangu chuoni kwa maalimu. Wanakuambia majina yana jinsia tatu? Wewe umekua na ngeli. Wao wana tveir menn, tvær konur, tvö börn, yaani wanaume wawili, wanawake wawili, watoto wawili. Sisi tuna watu wawili, viti viwili, nyumba mbili. Kwao namba hubadilika mpaka nne, halafu kuanzia fimm, yaani tano, zinatulia, kama sita na saba zetu. Mkazo tu ndio wa kuuhamisha: sisi tunaukandamiza mwishoni-mwishoni, wao silabi ya kwanza. Ukisahau, hata neno sahihi hawalisikii, na ndipo wanapokimbilia Kiingereza.

Kigumu kweli ni mabadiliko ya jina kufuatana na kazi yake katika sentensi. Hér er hestur, um hest, frá hesti, til hests: farasi mmoja, sura nne. Hata Anna ukimzungumzia anageuka Önnu. Mimi nilijifunza hivyo vinne kwa kuviimba wakati napiga deki, na sijui njia nyingine iliyo bora. Makosa utafanya. Hakuna aliyeacha kunielewa kwa sababu ya mwisho wa neno.

Sasa hao wanaokujibu kwa Kiingereza. Wengi wanakuonea huruma, wengine wana haraka. Waambie kwa upole, "Viltu tala íslensku við mig?", yaani "utaongea nami Kiaisilandi?", kisha wewe endelea na Kiaisilandi hata wao wakiendelea na Kiingereza. Nenda bwawa la kuogelea jioni, ukae kwenye heitur pottur, lile beseni kubwa la maji ya moto. Humo hakuna mwenye haraka, na wazee wanapenda kuongea habari za hali ya hewa. Nusu ya lugha yangu niliipata majini.

Na huo uchache wao unaousema, mimi naona ndio sababu ya kujifunza. Kompyuta ilipokuja waliunda neno lao, tölva, kutokana na tala, yaani namba, na völva, mwanamke mtabiri wa kale. Simu wanaiita sími. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani wametuiga! Kumbe ni neno lao la zamani la uzi, wakalifufua. Letu lilitoka Uajemi, likiwa na maana ya waya. Watu wanaoitunza lugha hivyo, ukiwasalimia kwayo unawagusa mahali ambapo Kiingereza hakifiki. Wewe mwenyewe umemwona bibi yako Tanga anavyochangamka mgeni akimwamkia shikamoo.

Yule bibi aliishi miaka miwili zaidi. Kabla sijazima taa nilikuwa namuuliza, "Er þér kalt?", unasikia baridi? Mara nyingi alijibu "nei", hapana. Nilikuwa nakagua dirisha hata hivyo.

Jumapili jioni nitakupigia. Nitaanza na "Sæl, elskan mín", hujambo mpenzi wangu, nawe unijibu kwa Kiaisilandi, unavyoweza.

Mama yako