Alama 9 au alama 5, nisome ipi?

SWALI: Mhariri mambo vipi, hivi hizi alama za 1 hadi 10 watu wanazozipa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) na riwaya nyepesi za Kijapani (light novel, zile za vijana zenye michoro kidogo) zina maana kweli? Kuna moja ina karibu 9 nikachoka mapema, nyingine ina 5 na kitu nikaimaliza usiku mmoja. Mi ndo sina ladha au?

JIBU: Ladha unayo mdau. We angalia kwanza nani anapiga kura, maana manga ndefu kama Berserk ambayo Kentaro Miura aliianza 1989, aliyeboeka aliiacha zamani na wengi wakiacha wala hawapigi kura, wanaofika juzuu ya 30 ni mashabiki wenyewe, sasa unategemea watoe ngapi? (Sisemi ni mbaya, ile michoro acha kabisa.)

Riwaya nyepesi nazo zina mambo yao, kibao zilianzia kwenye tovuti ya bure ya Shōsetsuka ni Narō iliyofunguliwa 2004, huko mwandishi anarusha sura fastafasta ili asisahaulike, stori inavutwaaa. Halafu tafsiri ikiwa mbovu lawama anabeba mwandishi.

Hizo za 5 wakati mwingine ni mwisho tu uliwaudhi watu. Mi wastani siuangalii sana, naangalia kura zimegawanyikaje: yenye 10 nyingi na 1 nyingi naijaribu, ila ile ambayo kila mtu kaipa 6 naipita.